Mwisho wa Upande wa Pili

Dada alizima drayer kichwa cha Mama Mapacha kikiwa bado kimelowa nusu. Feni nayo akaizima. Akatoa taulo begani, akalikunja, akakaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajawahi kukikalia saa za kazi.

"Haya, Mkurugenzi," alimwambia mdogo wake. "Weka mambo."

Mkurugenzi lilikuwa jina la utani. Ofisi ya lebo yake ya muziki ilikuwa stoo ya saluni hiyo, kompyuta ikibanana na katoni za shampuu, na mfanyakazi pekee alikuwa yeye mwenyewe, tena mchelewaji. Lakini humo stoo ndimo alimokusanya nyimbo za bendi za mtaa wao, zilizorekodiwa enzi za ujana na kuozea kabatini, ili sasa zitoke zote kwenye santuri moja.

"Leo ndiyo leo," alisema Mama Mapacha, maji yakimtiririka shingoni. "Miaka yote nasukwa hapa huku nasimuliwa ulivyoimba. Nilishaanza kudhani ni dawa ya kunisahaulisha maumivu."

"Ni mwishoni, lakini," Dada alisema. "Usiwe na haraka. Wanaume wanapiga weee, wakichoka ndiyo naingia."

Mlango wa stoo ukiwa wazi, Mkurugenzi alibonyeza kompyuta, kwa kidole kizito kama mguu wa mtoto anayeitwa nyumbani akijua alichovunja.

Fundi sauti ndiye aliyekuwa amemwambia kwamba upande wa pili umejaa. "Santuri si gunia, Mkuu, haishindiliwi. Ukijaza, sauti inakonda. Punguza kidogo." Kidogo hicho alikitafuta wiki nzima. Mpiga ngoma alinuna kabla hajaulizwa. Mpiga saksafoni akataja presha yake. Mjane wa mwimbaji akalia kwenye simu hata salamu hazijaisha. Kila mlango aliogusa ulikuwa na mbwa.

Isipokuwa mmoja. Dada hakuwa wa bendi. Siku ile alipeleka chai tu studio, wakamwambia jaribu kuitikia, akajikuta ameufunga wimbo peke yake. Na Dada hakuwahi kulalamika, si alipoacha shule ili mdogo wake asome, wala alipohamisha mashine zake ili stoo iwe ofisi. Ukuta mfupi ndio unaorukwa. Alimwambia Fundi aache wimbo ufifie baada ya tarumbeta.

Ulikuwepo wimbo wa Mkurugenzi mwenyewe upande huohuo, ambamo gitaa lake lilizunguka na kuzunguka kama mgeni anayetafuta choo. Huo hakuufikiria. Au aliufikiria upesi, akaupita kama mtu anavyoupita mlango wa jirani mgonjwa bila kugeuza shingo.

Asubuhi hiyo alikusudia kumwambia Dada. Mdomo ulifunguka, ukaishia kuuliza chaja iko wapi.

Sasa mguu wa Dada ulikuwa ukigonga sakafu. Tarumbeta zikapanda. Dada akakaa wima, akalamba midomo, akainua kidole: hapo. Muziki ukaanza kurudi nyuma, taratibu, kama watu wanaotoka chumbani kwa kunyata. Ukaisha. Kidole kilikuwa bado juu.

"Sasa?" Mama Mapacha aliuliza. "Mbona wewe hupo?"

Mkurugenzi aliangalia katoni za shampuu. Alihisi Dada akimtazama, si kwa muda mrefu, jinsi anavyopima joto la maji kabla ya kummwagia mtu.

"Nipo, hebu na wewe," Dada alisema, akishusha kidole. "Naitikia hapo nyuma ya tarumbeta. Hukusikia?"

"Sikusikia chochote."

"Masikio yako yamejaa maji, mwenzangu."

"Basi turudie."

"Turudie nini, nywele zikukaukie vibaya unitangaze mtaa mzima?" Akamrudishia drayer kichwani, akaiwasha. Ikanguruma. Na chini ya mngurumo huo Mkurugenzi akasikia sauti nyembamba ya Dada ikianza palepale muziki ulipoishia, neno kwa neno.

Alitoka mpaka kibarazani, akapiga simu.

"Fundi, kazi imeshakwenda kiwandani?"

"Ndiyo naituma. Vipi?"

"Nirudishie mwisho wa ule wimbo."

"Mwisho wa Dada?" Kumbe hata Fundi alikuwa anajua ni sauti ya nani. "Narudisha, Mkuu, lakini pamejaa. Nikate wapi?"

"Mkurugenzi!" Dada alipaza sauti kutoka ndani. "Unaongea na Fundi?"

"Ndiyo, Dada."

"Mwambie imetoka vizuri."

Alirudisha simu sikioni. Fundi alikuwa akiita haloo, haloo.

"Dada anasema imetoka vizuri," alisema. "Kata gitaa langu."

"Lote?"

"Mpaka yeye aenee."

Aligeuka. Ndani, Mama Mapacha, asiyesikia kitu chini ya drayer, alikuwa ameiona midomo ya Dada ikiimba kwenye kioo.

"Unasemaje?" alipiga kelele.

"Tulia," Dada alisema, akimrekebisha kichwa. "Utaharibu nywele."