Mafundo ya Gauni la Kijani

Kwetu nguo haitupwi. Ikichakaa huvaliwa shambani, ikichanika huwa tambara la jikoni, na ikishachoka kabisa tunaichana vipande vyembamba na kuvifunga fundo moja moja kwenye nyuzi za mtande, zile zinazosimama wima, mpaka litoke zulia. Mama mkwe wangu, Itto, alikuwa hodari wa mazulia hayo kuliko mwanamke yeyote wa kijiji chetu cha Ayt Wasif. Alilijua hilo, na alihakikisha sisi wengine tunalijua. Mwaka ule nilikaa naye miezi minne, bega kwa bega, mbele ya kitanda cha mfumi, ile fremu ya mbao tunayofumia. Nilimpenda na kumchukia siku ile ile, wakati mwingine saa ile ile.

Mwanawe Aqqa, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa ameondoka kwa mashua kwenda Hispania mwaka mmoja na miezi miwili kabla. Simu yake ilizimika siku ya safari na haikuwaka tena. Nikabaki si mke si mjane, na kila harusi wanawake waliniangalia wasijue waniketishe wapi. Mama Itto alikuwa amepiga marufuku neno "marehemu" lisitumike kwa mtu yeyote aliye chini ya miaka sitini.

Jirani yetu Hadda alikuja mara nyingi kutusaidia kuchana nguo. Siku moja alinyanyua kitu chenye mistari ya buluu.

"Haya, hii suruali ya ndani ni ya nani?"

"Ya marehemu mzee," nikasema.

"Masikini! Alipokuwa hai hakufika hata mjini Khenifra. Sasa suruali yake inakwenda kuuzwa Ufaransa ndani ya zulia, ikanyagwe na Wazungu."

"Waikanyage tu," Mama Itto akasema bila kuacha kazi. "Na yeye alinikanyaga mimi miaka thelathini."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tulikuwa bado tunapangusa macho aliposimama mlangoni msichana mwenye mkoba, viatu vyake vimejaa vumbi. Alijitaja kwa jina la Ghizlani, wa chama cha familia za waliopotea baharini. Hadda akajikusanya na kuondoka. Mgeni akaketi, akakipa mgongo kitanda cha mfumi, akanywa chai ya nanaa haraka haraka, kama mtu ambaye bado ana nyumba nyingi za kupita siku hiyo.

"Mama," akaanza, "kuna kijana ambaye bahari ilimtupa ufukweni, upande wa pili. Hakuwa na karatasi. Amehifadhiwa muda mrefu hospitalini, na sasa watamzika. Tunachoweza kuwaonyesha watu ni nguo yake tu."

Akatoa picha. Ilikuwa ya koti lililopinduliwa ndani nje. Kwapani, upande wa kushoto, kulikuwa na kiraka cha kitambaa cha kijani chenye ndimu za njano, kimeshonwa kwa uzi mwekundu wa sufu, mishono ya msalaba iliyobanana.

 Kile kilikuwa kitambaa cha gauni la nyumbani la mama mkwe wangu. Alikata kipande chake siku mbili kabla ya safari, akakishona ndani ya koti la Aqqa ili baraka ya mama imkae ubavuni. Gauni lililobaki nililichana mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na hapo tulipokaa, nyuma ya kichwa cha yule msichana, lilikuwa limefumwa katika zulia: mistari mitatu ya mafundo ya kijani, njano ikichungulia.

Mama Itto aliishika picha mbali na macho, kisha karibu, kisha akairudisha.

"Si mshono wangu huo."

"Mama, sihitaji uniambie lolote. Nahitaji mate tu, kwa kipande cha pamba. Mwanao hana mtoto, baba yake hayupo, wa damu umebaki wewe. Yasipolingana na damu ya yule kijana, utakuwa umepata raha."

"Mate yangu nitamtemea usoni atakayesema mwanangu kafa."

Ghizlani hakukasirika. Nadhani alikuwa ameambiwa mabaya zaidi katika nyumba nyingine. "Watamzika Jumatano ijayo," akasema. "Bila jina, kwa namba. Nitapita tena Jumapili, nikitoka vijiji vya juu."

Alipokwisha kuondoka nilimgeukia mama mkwe wangu.

"Mama, umekiona kitambaa."

"Gauni kama lile liliuzwa sokoni rundo zima. Nusu ya wanawake wa milimani walilivaa."

"Na uzi mwekundu?"

"Yamna, sema tu unachotaka. Unataka kuolewa."

"Nataka kujua niishi vipi! Nimlilie au nimngoje?"

"Mngoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mimi nife. Halafu ufanye utakavyo."

Siku tatu tulifuma bila kusemezana. Kisimani nilimwambia Hadda nimekata shauri: Jumapili nitamshika yule msichana mkono, nimpeleke mbele ya zulia, nimwonyeshe mafundo yale. Kitambaa kitasema chenyewe, atake mkwe wangu asitake. Hadda akatua ndoo yake.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema. "Nenda naye polepole, dada."

Sikutaka polepole. Nilikuwa nimekaa polepole mwaka mzima.

Jumamosi nilikwenda sokoni kuuza mayai na kununua mafuta. Niliporudi alasiri, Mama Itto alikuwa ameketi mbele ya kitanda cha mfumi, mikono ameificha kwapani. Nikatazama zulia. Mistari mitatu ya kijani haikuwapo. Palikuwa na pengo la upana wa vidole vinne, kutoka ukingo hadi ukingo, nyuzi za mtande zimebaki uchi.

Fundo lililopigwa chanuo la chuma juu na chini halitoki kwa kuvutwa. Hulazimu kulichokoa kwa sindano, uzi kwa uzi, na pale palikuwa na mafundo zaidi ya mia mbili.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Panya."

"Panya wanaochagua rangi?"

"Ndio panya wa siku hizi."

Nilivuta pumzi nimpigie kelele. Ndipo akatoa mikono kupangusa pua, nikaona vidole. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka nusu na damu ilikuwa imekauka mpaka kwenye viwiko. Hasira iliniisha. Muda wote nilidhani anakataa kuona, kumbe aliona kabla yangu. Asiyejua asingejitesa vile kwa mafundo ya gauni kuukuu.

Nikaketi karibu naye. "Umeyapeleka wapi, mama?"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa furushi la vitambaa vya kijani, vimelowa jasho.

"Niliwasha tanuri nivichome. Nikashindwa. Niliona kama namchoma yeye." Akavishikilia. "Wewe ulilia asiende. Unakumbuka? Ulimshika miguu pale mlangoni. Mimi nikamwambia nenda, mwanaume hakai nyumbani kuhesabu mafundo na wanawake. Nikamshonea kiraka, nikamsukuma. Nikisema amekufa, Yamna, basi ni mimi niliyemuua."

Ningeweza kumwambia si wewe, mama, ni bahari. Watu wema ndivyo wasemavyo. Sikusema, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nimemlaumu kimoyomoyo, na ningekuwa mwongo. Nilimshika tu vidole vile na kuviosha kwa maji ya chumvi, naye akavumilia.

Asubuhi ya Jumapili alinitangulia kuamka.

"Lete maji," akasema. "Na mkasi."

Zulia kwetu, likiwa kwenye kitanda cha mfumi, lina roho. Siku ya kulikata tunalinyunyizia maji na kulitamkia shahada, kama tumfanyiavyo mtu anayekata roho, ndipo tunalishusha. Lakini hukatwa likiisha tu. Bibi zetu walisema anayekata zulia kabla halijaisha anakata umri wa mtu wa nyumba ile, na lile letu lilibakiza theluthi nzima.

"Halijaisha, mama."

"Na yeye hakumaliza."

Akachovya mikono. Hakunyunyiza kama siku zote. Aliipitisha juu ya zulia kutoka juu hadi chini, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mara tatu, kama aoshaye maiti. Alipofika kwenye pengo alikawia. Nikatamka shahada naye, sauti yangu ikakatika, yake haikukatika. Kisha akashika mkasi akakata nyuzi, na zulia likaanguka mapajani mwetu, zito, lenye maji.

Ghizlani alifika adhuhuri. Alisimama mlangoni akitazama mtande uliokatwa. Mama Itto akampa vile vitambaa vya kijani, akaketi, akafumbua kinywa kabla hajaombwa. Pamba ikapita shavu hili na shavu lile. Msichana akaitia kwenye kichupa, akatoa fomu.

"Andika Aqqa," mama mkwe wangu akasema. "Mama yake Itto. Namba yao waifute."

"Majibu yakija, inshallah, wataifuta."

"Na uandike kwamba mimi ndiye niliyemwambia nenda."

Ghizlani aliinua kalamu. "Mama, hilo halina nafasi kwenye fomu."

"Basi andika pembeni."

Yule msichana alinitazama, nami nikatazama chini. Akaigeuza karatasi ubavu, akaandika pembeni.