Shati la Mkwezi

Matano alipoanguka mnazini huko Gazi akafa, nguo zake zote zilitolewa sadaka siku ya arobaini, isipokuwa shati moja. Mjane wake, Biasha, alilificha chini ya godoro bila kulifua. Lilikuwa na jasho lake, moshi wa makumbi na tumbaku ya kutafuna.

Kila siku baada ya adhuhuri Biasha alilitoa, akalinusa mara moja tu, akalirudisha upesi. Aliogopa kulimaliza. Mwezi wa kwanza harufu ilimjia kabla hajalikunjua. Mwezi wa tatu ikambidi aitafute kwapani. Ndipo vuli ikaja na unyevu wake. Akahofia koga, akahofia mende, na zaidi akamhofia wifi yake Mwanarusi, ambaye akiona nguo chafu mikono humwasha. Mchana kutwa alikaa juu ya godoro kama kuku alaliaye mayai. Majirani wakamsifu kwa kutulia. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nawe ukisema huo ni wazimu, basi hujafiwa.

Eda ilimwishia siku chache baada ya Uhuru. Wanawake wakaja, wakamwogesha, wakamvisha leso mpya. Miezi minne na siku kumi mjane hakugusa manukato, kwa hiyo Mwanarusi akaweka chetezo uvunguni, akafunga madirisha, nyumba ifukizwe udi kama ilivyo desturi. Biasha alikuwa uani akicheka na wenzake. Ghafla kicheko kikamkauka.

Uvunguni!

Akakimbilia ndani, akalivuta shati, akalibana usoni. Udi. Akageuza kwapa, akageuza kola. Udi mtupu.

"Wifi, wafanyani?" Mwanarusi alikuwa mlangoni.

"Shati la kakako." Biasha alimpa. "Nimelilinda na kila kitu, udi sikuukumbuka."

Mwanarusi alilipokea, akalinusa taratibu, machozi yakamlengalenga.

"Si lake tena, wifi yangu. Lanukia wewe, ulivyofukizwa siku ile tuliyokuleta kwake."

Biasha alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishini. Kisha akalifua kwa mikono yake, akalitoa sadaka kama nguo zake nyingine.

Juma lililofuata, Mapenzi, mkwezi aliyeichukua minazi ya Matano, alipita amelivaa, makwapa yamelowa jasho. Biasha aliitikia salamu yake, kisha akabana pumzi mpaka alipokwisha kupita.