Masizi Kwenye Shuka za Wageni

Mimi ni dobi, na dobi hana cheti zaidi ya weupe wa shuka zake. Nafua za nyumba ya wageni, naanika uani kwangu, kando ya barabara ipandayo kilima. Shuka zilipoanza kupata madoa meusi, meneja aliniita akaniambia, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, kwamba zikirudi tena hivyo atatafuta dobi mwingine.

Sikuhangaika kutafuta mchawi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana lori kuukuu la dizeli, likiwashwa linakohoa mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nikampachika jina Bwana Moshi, na mtaa mzima ukalidaka.

"Mwangalie mkwe wangu," nilimwambia siku moja, tumetenganishwa na ukuta. "Basi lake ni la gesi. Halitoi hata harufu! Kuna watu wanajali mapafu ya wenzao."

"Hongera yake, mama," alijibu, akaendelea kufuta kioo cha lori lake.

Kujivuna nilijivuna kweli. Mume wa binti yangu anaendesha basi la kijani, ubavuni limeandikwa HEWA SAFI. Ndiye aliyenieleza kwamba dizeli inaacha masizi yanayoingia vifuani mwa watu, na gesi asilia inaungua karibu bila masizi. Alisema pia hata gesi ina madhara yake kwa hali ya hewa, lakini hilo sikulikariri. Yaliyobaki niliyabeba hadi kwenye mkutano wa mtaa, nikatandaza shuka yenye madoa mbele ya mwenyekiti, nikaongea mpaka povu likanitoka. Mkwe wangu alikaa nyuma, kimya, macho kwenye viatu vyake. Nikadhani ni heshima. Bwana Moshi alipopewa nafasi alinitazama, akamtazama mkwe wangu, akasema, "Sina la kusema." Ikaamuliwa lori lake lisilale tena mtaani. Sasa analiacha mbali, ng'ambo ya soko, na safari hiyo anakwenda na kurudi kwa miguu.

Jamani! Lori likaondoka, masizi yakabaki.

Asubuhi moja nikakaa kwenye kamba zangu nikivizia. Nikasikia injini inapanda kilima ikiguna. Kugeuka, naona kijani, naona HEWA SAFI, na nyuma yake moshi mweusi tii, ukapita juu ya ukuta ukatua kwenye shuka zangu.

Aliniona. Akasimamisha basi na abiria wake, akateremka, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Ule moshi ni wa nini?"

"Injini inatumia vyote viwili, mama, gesi na dizeli. Gesi ikiisha inakwenda kwa dizeli tupu. Na kituo cha gesi ni kimoja tu, foleni inamaliza asubuhi nzima. Tajiri mwenye basi hataki kusikia habari za foleni."

"Na mkutanoni ukanyamaza?"

"Ulikuwa unanisifu, mama. Sikujua nikukatishe vipi."

Sikumfokea. Ningemfokea kwa kinywa kipi? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Aibu ilinivaa mpaka masikio yakawaka. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie, mimi na domo langu.

Jioni nikaenda kwa jirani. Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, imevimba kwa kutembea. Mkewe akanisogezea kiti. Sikuthubutu kukikalia.

"Jirani, masizi hayakuwa yako."

"Najua, mama."

"Unajua? Tangu lini?"

"Lile basi linanipita pale kilimani kila siku. Na mimi ni dereva, moshi wa dizeli naujua."

"Sasa mbona ulikubali kuonewa mbele za watu?"

Alisugua kisigino chake kwanza.

"Mkweo alikuwa amekaa pale pale, mama. Ningemvuaje nguo mbele yako? Na wewe ningekuacha wapi?"

Nilimwambia kesho nakwenda kwa mwenyekiti, mtaa uitwe tena, na nitasema yote kwa mdomo huu huu ulioharibu. Akatoa miguu kwenye beseni, akasimama na maji yakimchuruzika, akanishika mkono.

"Usifanye hivyo, mama. Mfikirie binti yako, atatembeaje mtaani? Mimi miguu itazoea."

Hapo ndipo nilipoangua kilio, mtu mzima mimi, nyumbani kwa watu.