Naima wa Siku Zote

Saida akishaamua jambo, hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Siku watafiti wa usonji walipofika kliniki kuomba familia zitakazojitolea, akina mama waliokaa naye kwenye benchi waliinamisha macho sakafuni. Yeye alinyanyua mkono kabla maelezo hayajakwisha. Alitaka kujua mambo mawili tu: kama binti yake angechomwa sindano, na kama wangeweza kujitoa siku yoyote watakapoona hawapendezwi. Alipojibiwa kwamba sindano haimo, na kwamba kujitoa ni haki yao wakati wote, alitia saini. Mumewe, Muhidini, anayenunua viazi Mbalizi na kuviuza mjini, alitia yake jioni ileile, akisema kazi yenye manufaa haina haja ya kubembelezewa.

Sababu ya Saida ilikuwa nzito. Binti yao, Naima, alipokuwa mdogo waliambiwa kwamba ni kiziwi. Baadaye wakaambiwa ni mkaidi, kisha kwamba amedekezwa, mpaka daktari mmoja alipolitaja neno usonji, na miaka ilikuwa imekwisha kupotea. Utafiti huu ulikusudiwa kuwaonyesha wauguzi wa zahanati dalili za kuangalia mapema, na dalili hizo zingetokana na watoto wa huku nyanda za juu, kama walivyo majumbani mwao. Saida hakutaka mama mwingine, awe wa Chunya au wa Iringa, azungushwe kama alivyozungushwa yeye.

Jambo ambalo hakulitia katika hesabu ni mama mkwe wake.

Bi Siwema hakuupinga utafiti. Aliupokea kama posa. Wageni wanakuja kumtazama mtoto wa nyumba hii, basi mtoto atatazamika! Nyumba yao ya Ilomba ilipigwa deki kila pembe. Viazi ambavyo Naima huvipanga kando ya ukuta wa ua, kikubwa kikifuatwa na kidogo, viliokotwa vikarudishwa kwenye gunia. Na kwa siku kadhaa, Saida akiwa sokoni, bibi na mjukuu walijifungia jikoni na kikombe cha karanga. Naima akitamka shikamoo, hupewa karanga. Akimtazama bibi usoni, hupewa nyingine. Saida hakujua lolote kuhusu mafunzo hayo mpaka siku mgeni alipobisha hodi.

Mgeni huyo alikuwa Faustina, mtafiti kijana mwenyeji wa Iringa, aliyepiga goti kidogo alipomwamkia mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Iringa hawajambo? Baridi yenu na yetu, ipi kali?"

"Ya kwetu ina upepo, Bibi."

"Basi kunywa chai kwanza. Hapa hatumwanzishi mgeni kazi akiwa na njaa."

Naima aliletwa sebuleni akiwa ndani ya gauni lake la Idi, lenye kola ngumu ya lesi. Alikwenda moja kwa moja kwa mgeni, akamtazama usoni, akatamka "Shikamoo," kisha akakaa mkekani na kuikunja mikono. Birika nusura limponyoke Saida. Katika miaka yake minane mtoto huyu hakuwahi kumwamkia mtu asiyemjua. Ndipo Saida alipoona vidole vya miguu ya binti yake vimekunjwa kwa nguvu, kama vya mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo.

Faustina alianza maswali. "Mama Naima, akiitwa jina lake huitika?"

"Huitika mara moja," Bi Siwema alidakia. "Naima!"

"Abee," Naima alijibu, na macho yake yakaufuata mkono wa bibi, uliofumbata kitu ndani ya khanga.

"Hukasirika utaratibu wake ukibadilishwa?"

"Mtoto wa nyumba hii? Hata kidogo."

"Na marafiki anao?"

"Mtaa mzima unamjua!"

Faustina aliiweka kalamu chini. "Bibi, mmemlea vizuri. Lakini sina budi kusema ukweli. Nikiandika nilichokiona na kukisikia leo, Naima hataingia katika utafiti wetu."

Bi Siwema alitabasamu kama mtu aliyekabidhiwa kikombe cha ushindi.

Katika nyumba ile mke wa mwana hamkosoi mama mkwe mbele ya mgeni. Hata chumvi ikizidi katika mchuzi wa mkwe, huula akasifu. Saida aliishika adabu hiyo tangu alipoolewa, na hakuwahi kuivunja. Alimtazama tena Naima, akaona kola imekwisha kumtia alama nyekundu shingoni. Akalitua birika.

"Mama, naomba ruhusa yako."

"Ruhusa ya nini?"

"Mgeni amekuja kumwona Naima, na Naima bado hajamwona. Naomba nimtoe."

"Huyu aliyekaa hapa ni nani, kama si Naima?"

"Ni mjukuu wako anayekutii, Mama, na anakutii kwa mateso. Mtazame shingo."

"Saida, unaniaibisha mbele ya watu."

"Ningekuaibisha kama ningemfuata mgeni njiani nikamweleza haya wewe ukiwa hujui. Nimekuomba hapahapa, mbele ya macho yako."

Bi Siwema aliitazama ile shingo. Aliinama, akailegeza kola kwa kidole.

"Haya," alisema hatimaye. "Mtoe."

Saida alimvua mtoto gauni, akamvika fulana kuukuu ya baba yake, kisha akalimimina gunia la viazi uani. Naima alivirukia. Alivipanga kando ya ukuta huku akivuma wimbo usio na maneno, na vidole vya miguu yake vikakunjuka vumbini. Faustina alimwita kwa jina, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakupata hata kutupiwa jicho. Kisha akakisogeza kiazi kimoja. Naima alipiga yowe, akajipigapiga masikio kwa viganja mpaka Saida alipokirudisha kiazi mahali pake. Mtafiti aliandika kwa haraka.

Bi Siwema alikuwa amesimama mlangoni. Saida alisubiri karipio lake, naye tayari kulipokea.

"Umeandika nini hapo?" Bi Siwema alimuuliza mgeni.

"Kwamba huchukia vitu vyake vikihamishwa, wakati mwingine."

"Wakati mwingine? Nani amekuambia wakati mwingine? Ni kila siku, tangu alfajiri mpaka anapolala. Andika kila siku!"

"Naandika, Bibi."

"Na wali ukiguswa na mchuzi, haugusi tena. Na mtaa unamjua kwa yowe hilo ulilolisikia, usije ukaandika kwamba ana marafiki tele."

Faustina alicheka. "Lakini Bibi, si wewe uliyeniambia?"

"Yale yalikuwa maneno ya kukukaribisha. Haya ndiyo ya kazi."

"Kwa hiyo yumo?" Saida aliuliza.

"Yumo, Mama Naima. Ila nitahitaji kurudi kumtazama kwa muda mrefu zaidi. Juma lijalo, asubuhi, mtakuwa na nafasi?"

Saida alikuwa anataka kukubali, maana asubuhi ndiyo saa ya utulivu wa Naima, lakini Bi Siwema alimtangulia.

"Ukija asubuhi utamkuta ametulia, urudi Iringa na nusu ya habari. Njoo saa kumi na moja jioni, watoto wa jirani wamerudi na mashine ya kusaga inanguruma. Hapo ndipo utakapomwona."

"Na wewe, Bibi, hutamwandaa?"

"Nitakaa kimya." Bi Siwema alijifunga khanga upya. "Nikiweza."

Saida aliinama upesi akajitia kulikunja lile gunia tupu, asije akacheka mbele ya mkwe wake.