Kitufe cha Shemeji

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, fundi redio aliwaita ndugu nyumbani kwake mchana, wale, wanywe soda, na zaidi ya yote wasikilize spika zake. Alizitengeneza mwenyewe, maboksi mawili yanayomfika mtu kifuani, akayaweka sebuleni pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo. Mkewe alikuwa ameshakata tamaa juu ya kabati. Muziki ukianza, vioo vya dirisha vilitetemeka, na mtu akitaka chumvi ilimbidi apaze sauti kama anayemwita jirani wa nyumba ya tatu. Fundi aliona raha isiyo kifani.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyemtilia mchanga kitumbua chake. Huyo alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mkunga wa kituo cha afya, ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa na mikono yake. Hata hajakaa vizuri, utamsikia: "Shemeji, punguza kidogo." Fundi anapunguza kiasi cha upana wa ukucha. Wimbo mmoja ukipita: "Shemeji, bado." Hakuwa mgomvi, wala hakununa. Aliomba tu, kisha akaomba tena, na hilo ndilo lililomchosha fundi. Mgomvi utagombana naye yaishe. Mtu anayeomba kwa adabu utamfanya nini?

Alichofanya kilikuwa cha kifundi. Alichukua kisanduku cha bati, akakitia taa ndogo nyekundu na kitufe kikubwa cha kuzungusha, akavuta waya mrefu kutoka humo hadi nyuma ya spika. Huko nyuma waya uliishia hewani, haukuunganishwa na chochote. Jumapili ilipofika, kabla mkunga hajaja, akawapanga ndugu.

"Akizungusha, mimi sigusi kitu. Muziki ni uleule," alisema. "Nyinyi ndio mshushe sauti. Nong'onezaneni, mwitikiane kama mnasikilizana. Atakayecheka atoke nje."

Mkunga akaja, akakalishwa kwenye kiti kizuri, akawekewa kisanduku mapajani. "Shemeji, leo bosi wa sauti ni wewe," fundi akamwambia. "Mimi sina neno." Mkunga alifurahi, tena alifurahi kweli, akamshukuru mbele za watu. Kisha akazungusha.

Muziki haukubadilika, waliobadilika ni watu. Shangazi alimnong'oneza binamu yake, binamu akatikisa kichwa na kunong'ona jibu, wote wametulia kama watu waliokaa kwenye chumba kimya. Mkunga akazungusha tena mpaka mwisho. Alitazama midomo ya huyu, akatazama ya yule.

"Imepungua?" aliuliza.

Fundi akainama sikioni mwake. "Imepungua mno, shemeji. Mpaka kuku wa jirani tunawasikia."

Mkewe alikimbilia jikoni akacheka huko, taulo mdomoni.

Mkunga hakuuliza tena. Mikusanyiko miwili iliyofuata alikuja, akapokea kisanduku chake, akazungusha, akakaa kimya, akitabasamu pale wengine walipotabasamu. Fundi akawa hakamatiki. "Mnaona?" alitamba. "Mlalamishi hagombezwi. Anapewa cheo." Na ndugu wakacheka, maana fundi alikuwa na maneno, na chakula kilikuwa chake.

Mara ya nne mkunga hakuja. Aliyekuja ni binti mkubwa wa fundi, mjamzito wa miezi saba, uso umemshuka. Alikuwa ametoka kituoni.

"Mama mkubwa ameshindwa kunipima," alisema. "Ameweka kile kipembe chake cha mbao tumboni, akasikiliza. Akakitoa, akasikiliza tena. Halafu akamwita mwenzake aje asikilize yeye."

"Kwani kuna shida?" mama yake akauliza.

"Mtoto mzima kabisa. Shida anasema ni yeye. Anasema masikio yameisha, aligundua hapa hapa kwetu. Eti watu wanaongea na kuelewana, yeye anasikia muziki mtupu. Ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ijumaa ndiyo mwisho."

Sebuleni hakuna aliyemtazama mwenzake. Fundi aliinuka akazima muziki, na ukimya ulioingia ulimwaibisha kuliko maneno yoyote. Alimtazama mkewe, akitumaini kwamba dada mtu angeambiwa na mdogo wake, kwa upole, kike kwa kike.

"Usinitazame mimi," mkewe alisema. "Umelikoroga, utalinywa." Kisha akaketi, akaongeza kwa sauti ndogo: "Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe."

Usiku ule fundi hakulala. Asubuhi alifunga duka, akaenda kituoni huku akitunga maneno njiani. Utani tu, shemeji. Hapana. Hatukukusudia. Hapana, hilo nalo uongo, maana walikusudia sana, walifanya hata mazoezi. Alifika barazani, akapita mabenchi ya akina mama waliosubiri zamu, akamkuta mkunga kwenye chumba cha nyuma anakunja mashuka. Tangu jana, kazi yake ilikuwa hiyo.

Akasema yote. Waya, taa, kunong'ona, jikoni. Hakupamba.

Mkunga alimaliza shuka alilokuwa nalo, akalisawazisha kingo. "Nani walijua?"

"Wote, shemeji."

"Na mdogo wangu?"

"Naye."

Alichukua shuka jingine lakini hakulikunja. "Kazi yangu ni kusikia kitu kidogo sana, shemeji. Kidogo kuliko saa ya mkononi. Nikitoka kwako masikio yalikuwa yanavuma mpaka kesho yake, ndiyo maana nilikuwa nakuomba. Sikukueleza. Nilidhani ndugu akiombwa, hadai sababu."

"Nisamehe. Barua nitakwenda kuieleza mwenyewe kwa mkubwa wako."

"Barua ni yangu, nitaichukua mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ileile ya kuomba muziki upunguzwe. "Kuna lingine. Wiki iliyopita nilimpima mama mmoja hapa. Moyo wa mtoto niliusikia. Niliusikia vizuri kabisa, nikasema hapana, haya masikio yananidanganya, na mwenzangu siku hiyo hayupo. Nikampeleka hospitali kubwa, nikamwambia ajiandae kwa lolote. Njia nzima alimlilia mtoto wake, na mtoto yu hai."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Leo ni siku yake ya kliniki," mkunga alisema. "Benchi la mwisho, kitenge cha njano. Mimi nilimwambia masikio yangu ndiyo yaliyokosea. Wewe kamwambie ukweli."

Alitamani akatae. Hakupata njia ya kukataa. Alirudi barazani, akaenda mpaka benchi la mwisho. Mama yule, mdogo kwa umri kuliko binti yake, alimwona mtu mzima amesimama na jasho usoni, akasogea kumpa nafasi. "Kaa, baba. Wewe unaumwa?"

Fundi akakaa. Akaanza tangu mwanzo, tangu zile spika, na mama akasikiliza bila kumkatiza, mkono mmoja juu ya tumbo. Maneno yalipomwishia, fundi alisubiri kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa.

"Kwa hiyo siku ile," mama aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa, "nyinyi mlicheka sana?"

"Tulicheka sana, mwanangu," alisema fundi.