Makanisa ya Bi Biasha

Orodha ilifika Jumatatu asubuhi, Biasha akiwa kituoni Bungu na sinia lake la korosho. Mwanasiti, bintiye aliyeko Ufaransa mwaka wa sita sasa, alikuwa amepata leseni ya udereva, na mama mtu alikuwa amepata viza. Basi mtoto kapanga: siku nne za kuzunguka mashambani kwa gari, vijiji kumi na viwili, kila kijiji na picha yake. Siku ya kwanza tu ilikuwa na mwendo wa saa tatu bila kusimama, "ili tuwahi soko la jibini, mama."

Saa tatu bila kusimama! Biasha alisoma mara mbili, kisha akaliweka sinia chini.

Na huyu si mtu wa kudanganywa habari za safari. Miaka ishirini na mbili amekaa pale akiyapokea mabasi ya Dar na ya kusini, na anajua watu husimama kwa nini. Hawasimami kwa sababu pana uzuri. Husimama kwa sababu wamebanwa. Vijana huruka mtaro wakaenda kuchimba dawa vichakani, mambo yakaisha. Wanawake watu wazima hushuka kwa hatua fupifupi, wakauliza bei ya kitu wasichokitaka, macho yakihangaika. Hao Biasha huwaelekeza msikitini, upande wa kina mama. Kuna maji, kuna choo, na hakuna anayekuuliza umefuata nini.

Huwatambua kwa sababu ni wenzake. Tatizo lilianza kidogokidogo baada ya uzazi wa mwisho, na alipopita miaka hamsini mkojo ukawa hauna subira naye kabisa. Dakika arobaini, hamsini akijikaza sana, baada ya hapo hana amri nao. Hajamwambia mtu: si Hadija, rafiki yake anayechoma mahindi pembeni yake, si daktari, wala Mwanasiti. Harusi ya kule Ngarambe alisingizia malaria. Hitima ya kule Mbuchi alisingizia goti. Watu wakasema Biasha anajitenga, naye akawaachia waseme.

Ndege haikumtisha, alishauliza kijanja akaambiwa ina vyoo humohumo, tena vingi. Njia ya Bungu mpaka uwanja wa ndege nayo alishaimaliza: mpwawe Nasibu ana gari dogo, na misikiti ya njiani anaijua yote, kuanzia Jaribu na Kimanzichana mpaka Mbagala. Kilichobaki ni mashamba ya Ufaransa, ambako hata kichaka hajui kikoje.

Akaanza kudadisi. Wiki nzima alimtumia binti maswali ya sauti. Huko watu wamekaa karibu karibu au mbalimbali? Mazao yao marefu au mafupi? Mwanasiti akajibu yote huku akicheka. Kuna ngano, kuna alizeti, kuna mizabibu iliyopangwa mistari kama wanafunzi.

"Hiyo mizabibu inafika kimo gani?"

"Kifuani, mama."

Biasha akaifuta mizabibu. Alizeti akaiacha kwanza.

Ajabu ni kwamba alianza kwa woga, akajikuta anataka kujua kwelikweli. Kwa nini maduka ya vijijini hufungwa mchana wote, wenye maduka wanalala? Wale ng'ombe weupe wanene wanachungwa na nani, mbona pichani hayupo mchungaji? Asubuhi alikuwa akichelewa kupanga korosho kwa sababu ya ng'ombe wa watu.

Kisha jibu akaliona palepale kwenye picha. Kila kijiji kina kanisa. Na nyumba ya ibada, hata kama si ya dini yako, haikosi maji na choo, la sivyo watu watatawadhia wapi? Akachukua daftari, akaipanga safari upya, kanisa kwa kanisa, kila nusu saa. Soko la jibini akalifuta. Ngome akaifuta. Kupiga kasia mtoni akakufuta kwa hasira.

Hadija akachungulia. "Makanisa kumi na manne! Biasha, unakwenda kumtazama mtoto au unakwenda kubatizwa?"

"Natazama majengo."

"Majengo! Kibiti hapo tu husogei, leo unataka majengo ya Ulaya!"

Biasha akapiga picha ukurasa ule, akautuma. Mwanasiti alipiga simu mchana huohuo, na safari hii hakucheka.

"Mama, mbona makanisa tu? Nimekuwekea kila ninachokipenda huku, umevifuta vyote. Kama hutaki kuja, sema. Usinifanyie kama siku ile."

Siku ile ni siku Mwanasiti alipoondoka nchini. Mama alikuwa ameipinga safari kwa maneno makali, na uwanja wa ndege hakutokea. Binti aliondoka akijua kuwa mama yake amesusa. Biasha hakumsahihisha hata mara moja. Aliona heri aonekane mkali kuliko aonekane ameloa.

Alimwachia Hadija sinia, akaenda nyuma ya ukuta wa msikiti.

"Kwani kanisani hakuna choo?"

"Nini?"

"Nakuuliza, makanisa ya huko yana vyoo?"

"Mengi hayana, mama. Mengine yamefungwa na kufuli. Kwa nini?"

"Basi mie siji," akasema Biasha. "Siwezi kujizuia, Mwanasiti. Mkojo. Miaka mingi sasa. Siku ile nilivaa, nikafika kituoni hapa, basi likasimama mbele yangu. Nikaona nitaloa mbele za watu na wewe unaniaga. Nikarudi nyumbani."



"Nilikusubiri mpaka wakaniita jina kwenye spika," Mwanasiti akasema. "Miaka sita najua umenichukia."

"Sikukuchukia. Niliona haya."

"Mama, kazi yangu huku unaijua?"

"Unatunza wazee."

"Nawapeleka chooni. Asubuhi, mchana, jioni. Nawabadilisha nguo, nawatania mpaka wanacheka. Mama za watu! Wangu amekaa Bungu ananificha mimi." Akalia waziwazi, na Biasha naye akalia, bega lake ukutani.

Orodha mpya ilifika Ijumaa. Vijiji vitano tu, siku nne. Katikati yake Mwanasiti alikuwa ameandika vyoo, kimojakimoja: cha sheli, cha mgahawa wa bibi mmoja mkarimu, cha sokoni chenye ngazi, "nitakushika mkono." Soko la jibini limerudi. Kanisa moja limebaki, lile lenye mnara uliopinda, kwa sababu Biasha aliliomba; anataka kujua limewezaje kusimama miaka yote vile. Mwendo mrefu kuliko yote ni dakika ishirini na tano.

Juu kabisa palikuwa na mstari ambao hakuuona mwanzoni. Akausoma polepole, mahindi ya Hadija yakiungua pembeni.

Kituo cha kwanza: uwanja wa ndege, mlango wa wanaowasili. Choo kiko kushoto, hatua ishirini. Nitakuwa nimesimama hapo, mama, hata ukichelewa.