Bibi Kokwijuka Ameza Chokaa

Kwa miezi mitatu ndizi ziligoma kooni mwa Bibi Kokwijuka wa Kimuli. Tonge lilishuka kidogo, likasimama. Uji ulipita, lakini nani huku Kyerwa amewahi kushiba uji? Dada yake Mackrine alianza hivyohivyo, na kansa ya koo haikumpa hata mwaka. Hofu ya Kokwijuka ilikuwa hiyo tu.

Siku ya kipimo cha koo hospitalini alitokea Nyaishozi, alikolala kwa wifi yake Adelgunda. Alikuwa ameambiwa asile kitu tangu jana yake. Lakini asubuhi wifi alileta kisahani cha kahawa ya kutafuna. Aikatae, asemwe mpaka Kituntu? Akatupia punje mbili mdomoni. Na kutafuna kahawa si kula, ni kusalimiana.

"Umekula chochote, bibi?" aliuliza Daktari Deodatus.

"Chakula sijakiona tangu jana, mwanangu."

Wakamvisha gauni lililositiri mbele na kusahau nyuma.

"Huko nyuma nako mnapiga picha?"

"Koo tu, bibi."

"Basi nifungieni hilo dirisha la nyuma."

Akapewa kikombe cha dawa nyeupe, nzito kama chokaa ya ukutani. Eksirei hii, daktari alimweleza, huonyesha mambo yakiwa yanatendeka. Akameza. Kwenye kioo cha mashine akaziona mbavu zake, na dawa ikiteremka. Mara ikagawanyika, ikazunguka doa la duara.

Daktari akasogea karibu na kioo. Kokwijuka naye utani ukamwishia. Mackrine, aliwaza.

"Meza tena."

Doa likayumba.

"Tena."

Likageuka ubavu.

"Uvimbe hauchezi ngoma," alisema daktari. "Picha iliyotulia ingenidanganya. Bibi, umekula nini?"

"Sijala."

"Bibi!"

"Nilitafuna kahawa, kwa wifi. Punje moja ikateleza nzima. Wewe ungekataa?"

Daktari alikiri: "Nisingekataa."

Akanyweshwa maji, yakaisukuma punje. Dawa ikarudiwa, ikapita kwa shida mahali pamoja.

"Pamebana hapa, ila kingo ni laini. Sioni dalili ya kansa. Tutapima kipande kidogo cha nyama ya hapo tuwe na hakika. Jumatano tutapitisha kipira kooni, tukijaze maji taratibu huku tukiangalia kwenye kioo hikihiki, njia ifunguke."

"Niongezee kikombe, nijiangalie tena."

"Mionzi si sinema, bibi."

Nje, Adelgunda, aliyemsindikiza, alimkimbilia. "Wifi, wameona nini?"

"Wameona mbavu zangu. Nzuri kuliko zako." Kokwijuka alimshika mkono. "Jumatano wananifungulia njia. Twende, nina njaa."